Izunguke au Itulie: Miaka Mia Nane ya Rili

Kabla ya rili kuenea Uingereza, mvuvi aliyenasa samaki mwenye nguvu kuliko mshipi wake alikuwa na ujanja mmoja: kuitupa fimbo majini. Izaak Walton, mfanyabiashara wa London aliyechapisha kitabu chake The Compleat Angler mwaka 1653, anautaja ujanja huo kama jambo la kawaida kabisa. Mshipi wa siku hizo ulisokotwa kwa singa za mkia wa farasi na kufungwa kwenye ncha ya fimbo, basi. Haukuwa na akiba. Trauti mkubwa akitimua mbio, ama singa zikatike, ama mvuvi aachie fimbo nzima ikokotwe mpaka samaki achoke, kisha aifuate huko itakakokwama.

Haja ya akiba hiyo ya mshipi ndiyo iliyoizaa rili. Mwaka 1651, Thomas Barker alieleza katika kijitabu chake jinsi fimbo ilivyotobolewa tundu kiasi cha futi mbili kutoka kwenye shina, ili kupachika kigurudumu cha kukusanyia na kuachia mshipi. Walton naye alikuwa na habari za kigurudumu cha kuvulia samoni, ila alikwepa kukieleza. Anasema ni afadhali mtu akakione mwenyewe. Haya, huyu ndiye mwandishi aliyeona inafaa kufafanua hatua kwa hatua namna ya kumtunga chura kwenye ndoana.

Wachina walikuwa wamewatangulia kwa zaidi ya karne nne. Takribani mwaka 1195, mchoraji Ma Yuan wa enzi ya Song ya Kusini alichora juu ya hariri mvuvi mmoja peke yake ziwani wakati wa baridi. Mchoro huo sasa umo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Sehemu kubwa ya kitambaa imeachwa tupu, mistari michache tu ya mawimbi, na katikati mashua ndogo ambamo mtu amejikunyata akiinamia maji. Ukitazama fimbo yake utaona kigurudumu cha mshipi. Hakuna gia wala breki. Ni spuli tu, yaani kile kigurudumu chenye mfereji wa kubebea mshipi, inayozunguka kwenye ekseli: ukizungusha mara moja, nayo inazunguka mara moja.

Yote yaliyofuata yamekuwa ubishi juu ya spuli hiyo. Je, izunguke wakati mshipi unatoka, au itulie, mshipi wenyewe ndio uchomoke? Anayesimama dukani leo mbele ya kabati la vioo, mwenye duka akimpangia rili tano za maumbo matano, anaulizwa swali hilohilo, ingawa mwenye duka humwambia habari za rangi na idadi ya beringi.

Jibu la kwanza lilikuwa izunguke, na kwa miaka mingi hakuna aliyefikiri vinginevyo. Tatizo lililowasumbua watu lilikuwa kasi. Spuli ndogo ikizunguka mara moja kwa kila mzunguko wa mkono, mshipi unakusanyika polepole mno. Katika miaka ya 1760 Onesimus Ustonson, mwenye duka la zana za uvuvi jijini London, alikuwa akiuza rili za shaba zenye gia, ambazo kwa mzunguko mmoja wa mkono spuli ilizunguka mara kadhaa. Wazo lilikuwa zuri, utengenezaji ukawa dhaifu. Meno ya gia yalisagika samaki mzito alipovuta, na Waingereza wengi wakarudi kwenye rili zao za kawaida wakinung'unika.

Wazo hilo lilipata mafundi wake ng'ambo ya Atlantiki. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji mdogo uitwao Paris, jimboni Kentucky, aliishi fundi saa na mfua fedha, George Snyder. Mito ya Kentucky ina samaki aitwaye besi, mkali, anayependa kujificha chini ya magogo, na namna ya kumpata ilikuwa kumrushia dagaa hai kutoka mbali. Dagaa hai ni mwepesi. Rili nzito isiyolainika haiwezi kumsafirisha. Snyder aliiunda rili kama fundi saa anavyounda saa: ekseli nyembamba, meno ya gia yaliyokatwa kwa makini, spuli inayozunguka kwa kupulizwa tu. Ndugu wawili wa mji wa Frankfort, Jonathan na Benjamin Meek, walioisomea kazi ya saa, wakaiendeleza kuanzia miaka ya 1830 mpaka rili ya Kentucky ikawa kitu cha kurithishana. Mzunguko mmoja wa mkono, minne ya spuli.

Rili hiyo ilikuja na adha ambayo haijaisha mpaka leo. Mtupo unapoanza, chambo kinaruka kwa kasi na kuivuta spuli izunguke. Katikati ya safari chambo kinaanza kupoteza kasi hewani, lakini spuli haina habari. Inaendelea kuzunguka na kumwaga mshipi ambao hakuna anayeuhitaji. Kufumba na kufumbua, mshipi umetatana ndani ya rili, na mvuvi anakaa juu ya jiwe akichomoa kitanzi baada ya kitanzi huku wenzake wakivua. Dawa yake ni kidole gumba. Kinakaa juu ya mshipi tangu mwanzo wa mtupo, kikigusa kidogo tu, kikibana zaidi chambo kinapoanza kushuka, na kuisimamisha spuli kabisa chambo kinapogusa maji. Ni ufundi wa mkono, haufundishwi kwa maneno. Sumaku za breki, vizito vinavyobana spuli kwa nguvu ya mzunguko, hata rili za Kijapani za karne hii zenye kifaa cha elektroniki kinachojitengenezea umeme kutokana na mzunguko wa spuli yenyewe, vyote vimebuniwa ili kukipunguzia kidole hicho kazi.

Mwaka 1897 kiwanda kilifunguliwa Kalamazoo, Michigan, kwa ajili ya rili yenye kijigari kinachokwenda kulia na kushoto kupanga mshipi sawasawa. Mwenye kiwanda aliitwa William Shakespeare. Hana uhusiano na yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri, lakini jina lake limeandikwa kwenye fimbo nyingi kuliko vitabu ambavyo mwenzake angeweza kuota.

Uingereza ilikuwa imeshika njia yake. Nottingham ulikuwa mji wa viwanda vya lesi, penye bobini za mbao za kila aina, na wavuvi wa mto Trent wakatengenezewa rili ya mbao pana, isiyo na gia, inayoserereka kwenye pini moja kwa urahisi wa ajabu. Mkondo wenyewe ulivuta boya, boya likavuta mshipi, spuli ikazunguka taratibu. Wapo mpaka leo wanaoiapia.

Rili ya uvuvi wa kutumia inzi wa bandia kama chambo ina hadithi fupi, maana kazi yake ni ndogo. Katika uvuvi huo uzito umo kwenye mshipi, si kwenye chambo, na mvuvi huuvuta kwa vidole. Rili ni ghala tu mpaka apatikane samaki mkubwa. Mwaka 1874, Charles Orvis wa Vermont alisajili hataza ya rili nyembamba yenye mbavu zilizotobolewa matundu. Matundu yaliipunguza uzito, na pia yaliingiza hewa, kwa sababu mishipi ya hariri ya wakati ule isipokauka iliozea kwenye spuli. Hardy wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, walitoa yao mwaka 1891, wakaiita Perfect bila kusita. Rili za aina hii zilifika kwetu pamoja na trauti wenyewe: mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza trauti kutoka Scotland katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, na vizazi vya samaki hao bado vinavuliwa kwenye maji baridi ya nyanda za juu.

Kilichobadilisha rili ya kuzunguka kuwa mashine ya kweli ni bahari. Mwaka 1898, karibu na kisiwa cha Catalina, California, Charles Frederick Holder alimtoa jodari wa ratili 183, yaani kilo 83 hivi, kwa fimbo na rili. Watu walishangaa, na kwa haki. Rili ya wakati huo ilikuwa na mkono uliofungwa moja kwa moja kwenye spuli. Samaki akikimbia, spuli inazunguka kinyume, na mkono nao unazunguka kinyume, kwa kasi, palepale vilipo vidole vya mvuvi. Waliovunjika vidole hawakuwa wachache. Breki ilikuwa kipande cha ngozi kilichobandikwa ili mvuvi akibane kwa dole gumba juu ya mshipi unaochoma.

William Boschen, mvuvi wa hapohapo Catalina, alichoshwa na hali hiyo. Akishirikiana na Julius vom Hofe, mtengeneza rili wa Brooklyn, aliweka ndani ya rili visahani vinavyobanana, vikikazwa kwa skrubu yenye umbo la nyota kando ya mkono. Sasa mkono unaweza kutulia wakati spuli inatoa mshipi, na ukali wa breki unapangwa kabla ya vita kuanza. Mwaka 1913 Boschen alimtoa nduaro mwenye mdomo wa upanga wa ratili 355, wa kwanza wa aina yake kukamatwa kwa fimbo na rili. Nyota hiyo bado ipo. Penn, kampuni aliyoianzisha Otto Henze huko Philadelphia mwaka 1932, iliigeuza kuwa kitu cha watu wa kawaida, na rili yao ya Senator ya mwaka 1936 ikasambaa kila penye bahari.

Pwani yetu iliingia kwenye hadithi hii mapema. Ernest Hemingway, baada ya safari yake ya kuwinda, alivua baharini Malindi mwanzoni mwa mwaka 1934. Toka hapo Malindi, Watamu, Shimoni na mlango wa bahari wa Pemba zimekuwa mahali pa kumfuata nduaro, na mashua za wageni hazijaiacha rili nzito ya kuzunguka. Sababu ni ya kimaumbile. Hapo hakuna kutupa: chambo kinakokotwa nyuma ya boti, kwa hiyo ile adha ya mshipi kutatana haipo, na spuli inayozunguka inauvuta mshipi kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kuupindisha kona. Kwa nguvu tupu, hakuna muundo unaoushinda.

Jibu la pili lilichelewa. Mwaka 1884 Peter Malloch, mwenye duka la uvuvi katika mji wa Perth, Scotland, alisajili rili ambayo spuli yake iligeuzwa robo mzunguko kabla ya kutupa, ikaelekea mbele, mshipi ukachomoka kwenye ukingo huku spuli imetulia tuli. Baada ya mtupo unairudisha ilivyokuwa na kukusanya kama kawaida. Hakuna kitu kinachozunguka, kwa hiyo hakuna kinachozidi mwendo. Dosari yake ni msokoto: kila duara linalochomoka kwenye ukingo linaupa mshipi pindo moja, na kwa kuwa mshipi unarudishwa kwa njia nyingine, pindo hilo halifunguki. Hata hivyo Charles Alvey, aliyeanza kutengeneza rili Brisbane, Australia, mwaka 1920, aliuchukua muundo huo na kuufanya rafiki wa fukwe za mchanga. Hauna gia za kusagwa na mchanga. Ukiiangusha rili, unaizamisha kwenye wimbi na kuendelea.

Aliyelikamilisha wazo ni mtu wa viwanda vya sufu. Alfred Holden Illingworth alitoka Bradford, mji uliokuwa ukilisha dunia nyuzi, ambako uzi kuchomolewa kwenye ncha ya bobini iliyosimama lilikuwa jambo la kuonekana kila siku. Mwaka 1905 alisajili rili ambayo spuli haizunguki kamwe, wakati wa kutupa wala wa kukusanya. Kinachozunguka ni mkono mdogo unaouzungushia mshipi spuli. Pindo linaloingia mshipi ukitoka linafunguka mshipi ukirudi.

Kuna mahali pengine ambapo kanuni hiyo inaonekana wazi bila gia hata moja. Mtazame mvuvi wa pwani anayezungushia mshipi wake kwenye chupa ya plastiki. Mkono wa kushoto umeishika chupa, kitako kikielekea baharini. Mkono wa kulia unazungusha chubwi na chambo mara mbili tatu na kuachia. Mshipi unachomoka kwenye kitako, duara baada ya duara, chupa haisogei. Akirudisha, anauzungushia kwa mkono kuifuata chupa. Hiyo ni rili ya Illingworth, pungufu ya breki, na kwa changu au tewa mdogo wa kwenye mwamba haina upungufu wowote wa maana.

Rili iliyotulia ilisubiri mambo mawili. La kwanza ni upinde wa waya unaoudaka mshipi wenyewe ukianza kuzungusha mkono; mwanzoni mwa miaka ya 1930 Hardy walikuwa wameuweka kwenye rili yao ya Altex. La pili ni nailoni, iliyotangazwa na DuPont mwaka 1938. Uzi mmoja mwembamba, laini, usiooza, ulikuwa kana kwamba umetengenezwa kwa ajili ya kuchomoka kwenye ukingo wa spuli. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, mji wa Cluses kule Haute-Savoie, Ufaransa, mji wenye shule ya ufundi wa saa tangu 1848, ukaanza kutoa rili iitwayo Mitchell. Ziliuzwa kwa mamilioni. Ghafla mtu ambaye hajawahi kulifundisha dole gumba chochote aliweza kutupa mita arobaini siku yake ya kwanza.

Ni ajabu jinsi mafundi saa wanavyorudi tena na tena. Svängsta, Sweden, kulikuwa na kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1921 kutengeneza saa za mfukoni, kikahamia mita za teksi. Vita vilipoleta uhaba wa petroli na teksi zikasimama, kilianza kutengeneza rili. Jina lake lilifupishwa kuwa ABU, na rili zake nyekundu za Ambassadeur za miaka ya 1950 ziliirudisha heshima ya spuli inayozunguka. Huko Tulsa, Oklahoma, fundi saa mwingine, R. D. Hull, aliingia katika ofisi za Zero Hour Bomb Company, watengenezaji wa mabomu ya kupasulia visima vya mafuta, akiwa na wazo la rili. Hataza za mabomu zilikuwa zinakaribia kuisha, nao wakamsikiliza. Mwaka 1949 walitoa rili ambayo spuli iliyotulia imefunikwa na kikombe chenye tundu. Kwa herufi za kwanza za jina la kampuni ikaitwa Zebco. Watoto wa Marekani bado wanaanzia hapo, na ni haki yao, ingawa kikombe kile hufunga chumvi na mchanga ndani na mimi nisingempa mtu wa pwani hata bure.

Shimano ya Sakai, Japani, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1921, ilikuwa ikitengeneza gia za baiskeli. Iliingia kwenye uvuvi mwaka 1970, ikaleta usahihi uleule. Toka hapo vita vya viwanda vimekuwa zaidi vya Wajapani wenyewe kwa wenyewe.

Badiliko la mwisho lenye uzito halikuwa la rili bali la mshipi. Katika miaka ya 1990 ulikuja uzi wa kusuka wa polithini, mwembamba mno kwa nguvu yake na usionyumbuka. Spuli iliyotulia, ambayo zamani isingeweza kubeba mshipi wa kutosha kwa samaki mkubwa, sasa inabeba mita mia tatu bila shida. Ndiyo maana leo mvuvi anasimama mbele ya boti karibu na mwamba wa Mafia au Pemba, akitupa chambo cha mbao kwa kolekole wa kilo ishirini na zaidi kwa rili iliyotulia, jambo ambalo miaka sitini iliyopita lingeonekana kichekesho. Uzi huo una masharti yake. Ukizungushwa kwenye spuli laini bila tabaka la nailoni chini yake, wote unaserereka kwa pamoja na mvuvi anadhani breki imekufa. Ukizungushwa ukiwa umelegea, unajichimbia na kukwama.

Basi, kwa anayesimama mbele ya kabati. Anayetupa vyambo vyepesi ufukweni, kwenye gati au kwenye mwamba maji yakijaa, achukue rili iliyotulia ya ukubwa wa kati, ile inayoandikwa 4000 au 5000, na asiitamani kubwa zaidi kwa ajili ya fahari. Mkono utamuuma kabla ya saa sita. Ajizuie jambo moja ambalo wengi hulifanya: kuzungusha mkono wakati samaki anavuta na breki inatoa mshipi. Kila mzunguko wa namna hiyo unatia misokoto ambayo haifunguki, na kesho mshipi utajikunja wenyewe angani. Samaki akikimbia, acha mkono, inua fimbo, ngoja.

Anayekokota chambo kumfuata nguru, songoro au nduaro, au anayeshusha chubwi zito kilindini, anunue rili ya kuzunguka yenye nyota, bila kujadili. Atakayetaka kutupa kwa rili hiyo akubali mwezi wa kutatanisha mshipi. Wapo watakaomwonyesha rili za umeme, ambazo Wajapani wanazitumia kwenye vilindi vya mamia ya mita. Ni nafuu kubwa kwa bega bovu, ila IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi tangu 1939, hakimkubali samaki aliyevutwa na mota.

Beringi hazihesabiwi kwa wingi. Beringi nne zisizoshika kutu zinazishinda kumi na mbili za bei poa, kwani kila moja ni mlango mwingine wa chumvi. Ukirudi nyumbani, kaza breki kidogo ili maji yasipenye kwenye visahani, imwagie rili maji baridi ya kopo, usiipigie mpira kwa nguvu, kisha ulegeze breki usiku visahani visibanane. Na kabla ya kulipa, muulize mwenye duka kama ana springi ya ule upinde wa waya, maana ndiyo hukatika kwanza. Kama hana na hajui itatoka wapi, muombe akuonyeshe rili nyingine.